Pombe ya Mahari Yangu

Nimefanya kazi ya kupokea maziwa miaka mingi, kwenye kituo cha wakulima karibu na Kianjokoma. Kila asubuhi watu huniletea mitungi yao, hunisalimia kwa upole, huniuliza habari za watoto, nami hujibu huku nikitumbukiza kipimo nione kama maziwa yametiwa maji. Nimewahi kuwarudisha wazee wa kanisa. Nimewahi kumrudisha jirani yangu siku aliyokuja amenibebea mkungu wa ndizi. Kwa hiyo kaka yangu alipompigia mume wangu simu kusema kwamba Baba anataka pombe, masikio yangu yalisimama kabla simu haijakatwa.

Mume wangu ni fundi wa stima, mtu mpole, akiambiwa jambo huliamini mpaka lithibitike kuwa uongo. Alikuwa amesimama juu ya kiti akibadilisha balbu ya jikoni, simu iko kwenye mfuko wa shati, na sauti ya kaka yangu ikawa inatoka kifuani mwake.

"Shemeji, sikia. Mzee anasema ile maneno yenu haijaisha. Ng'ombe mlileta, mbuzi mlileta, asali mlileta. Lakini ncobi haijawahi kunywewa. Wazee wa ukoo wanauliza."

Ncobi ni pombe kwa Kimeru. Huku Embu nilikoolewa wanaiita njovi, lakini kitu ni kile kile.

"Si tulileta soda?" mume wangu akasema. "Mzee mwenyewe alisema, kwa vile ameokoka..."

"Hiyo ilikuwa wakati huo. Sasa wanataka ya kienyeji. Muratina ya asali, mtungi mmoja tu. Mlete Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, wazee watakuwa wamekaa."

Mume wangu alishuka kwenye kiti akitabasamu. "Mtungi mmoja tu," aliniambia. "Si kitu."

Nilimwambia kuna kitu. Baba yangu aliacha pombe nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ni mzee wa kanisa kule kwetu juu ya Nkubu, na hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza kabla ya kuimeza. Mtu kama huyo haamki siku moja akataka muratina. Nikachukua simu yangu nikampigia. Alipokea kaka yangu.

"Baba yuko kwa majani chai," alisema.

Nikapiga tena Jumapili baada ya ibada. Akapokea yeye tena. "Baba amelala." Tangu masikio ya Baba yaanze kuwa mazito, kaka yangu ndiye aliyekaa na simu yake, na zamani niliona ni wema.

Kaka yangu alifanya biashara ya miraa Kangeta muda mrefu, akavaa vizuri, akajenga nyumba ya mawe. Soko lilipoanguka alirudi nyumbani na kuanza kulitazama shamba la Baba kwa jicho la mtu asiye na pengine pa kwenda. Na Krismasi iliyotangulia Baba alikuwa amenishika mkono tukateremka pamoja hadi kando ya kijito, mahali ambapo marehemu mama alipanda nduma zake. "Hapa palikuwa pa mama yako," aliniambia. "Patakuwa pako." Nilipoinua macho nilimwona kaka yangu kwenye tuta la juu la shamba, anakata majani ya ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshalishwa.

Kwetu, pombe ya mahari ikishanyweka mbele ya wazee, msichana ametoka. Amekuwa wa watu wengine. Serikali inasema mtoto wa kike ana haki sawa na wa kiume, na ni kweli imeandikwa, lakini serikali haiketi uani kwetu Jumamosi. Wanaoketi ni baba zangu wadogo. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu waziwazi: kaka yangu anataka pombe ile inyweke ili siku nikitaja mahali pa mama niambiwe, pombe yako si ilinywewa?

"Wewe unashuku hata mvua," mume wangu alisema.

"Mvua ya huku inastahili."

Tulizungumza siku kadhaa. Kukataa hatukuweza, maana mkwe akikataa kupeleka kitu alichoombwa na ukoo, hilo nalo ni jina baya, na kaka yangu angelitumia vilevile. Basi mume wangu akasema atanunua mtungi kwa mtu fulani upande wa Mbeere. Hapo nilikataa. Yule mtu simjui na mtungi wake siujui. Katika kijiji chetu yuko baba mmoja aliyekunywa kikombe mahali asipopajua, na sasa watoto wake humshika mkono kumpeleka chooni. Nikafikiria baba zangu wadogo wameanguka uani kwetu, na kaka yangu amenyoosha kidole kunionyesha mimi.

"Nitaipika mwenyewe," nilisema.

"Pombe ya mahari yako?"

"Ndiyo. Kama kuna mtu anataka kunifukuza kwa pombe, angalau nijue kilichomo ndani."

Kwanza nilikwenda kwa naibu wa chifu, kwa sababu mwaka ule msako wa pombe ulikuwa umepamba moto na mtu alikuwa akikamatwa kwa harufu tu. Alinitazama kama ninavyowatazama wenye mitungi.

"Ni ya kuuza?"

"Ni ya mahari."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akaegemea nyuma. "Mahari yako, na unapika wewe? Bwana yako yuko wapi?"

"Anaweka stima kwa mtu."

Alisema sawa, kwa mtungi mmoja, lakini atakuja kunusa wakati wowote. Na kweli alikuja, mara mbili, bila kubisha, na mara zote mbili alipitia nyuma ya nyumba.

Asali niliinunua kwa mfugaji wa nyuki kutoka Mbeere aliyekuja sokoni na ndoo zake. Nilidondosha kidogo kwenye glasi ya maji nione kama itazama nzima au itayeyuka njiani kama ile ya sukari. Ilizama. Nikadondosha nyingine kutoka chini ya ndoo, maana watu huweka nzuri juu. Ikazama pia. Yule mfugaji alikasirika kidogo. "Mama, unanunua asali au unanipima mkojo?" Watu walicheka, nami nikanunua.

Kilichonitisha ni lile tunda. Muratina ni jina la pombe na ni jina la tunda linaloichachusha, tunda la mwegea, refu na zito, linaning'inia mtini kama soseji. Bichi lina sumu, kila mtu anajua hilo. Sokoni walikuwapo wanaouza yaliyokaushwa tayari, yaliyokwisha kutumika katika pombe nyingi, na husemekana hayo ndiyo bora. Lakini nani ajuaye yalilala katika mitungi gani? Nilitaka ya kwangu, nikanunua mabichi. Niliyapasua kwa panga, nikayamenya, nikayachemsha, nikamwaga maji machungu, nikachemsha tena, mpaka maji yakawa hayaniumi ulimi. Kisha nikayaanika. Mahali petu ni karibu na msitu, ukungu hushuka mchana kama mgeni asiyealikwa, na kila uliposhuka nilikimbia kuyaanua. Yalipokauka niliyaloweka kwenye asali na maji kidogo ili yaamke, nikayakausha tena.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Cucu kama watoto wanavyomwita, anakaa nyumba ya pili uani mwetu. Ni mama wa kanisa, kitambaa chake cha kichwa hakijawahi kuonekana kimekunjika. Alisimama karibu na matunda yaliyoanikwa, akayageuza moja moja kwa ncha ya fimbo.

"Hizi ni za nini, msichana wangu?"

Nilimwambia ukweli wote, ya kaka yangu na ya kijito. Alisikiliza, akasema, "Mimi sijasikia kitu," akaenda zake. Jioni hiyo nilimsikia akiomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Nilichanganya kidogo kwanza, ndoo moja, ya kujaribu. Nilichemsha maji yakapoa yakawa vuguvugu, nikakoroga asali, nikatia vipande vya tunda, nikafunika kwa kitambaa safi, nikaweka stoo. Nilidhani itaanza kuimba kesho yake. Haikuimba. Siku zilipita, ndoo imenyamaza, na ilipoanza kutoa povu lilikuwa jembamba, la shingo upande. Nilipoonja, uso wangu wote ulijikunja. Siki.

Nilisimama pale stoo na kijiko mkononi nikahesabu waliokuwa na njia ya kuingia. Mume wangu, hapana. Watoto, hapana. Cucu alikuwa na ufunguo. Nilinusa ndoo kutafuta mafuta ya taa, nikaonja tena kutafuta chumvi. Nilitazama kitambaa kama kimefungwa kama nilivyokifunga. Nilikuwa karibu na hakika. Nikamwendea akiwa anachambua maharagwe.

"Cucu, kuna mtu ametia kitu kwenye ndoo yangu?"

Hakuinua macho. "Mimi?"

"Nauliza tu."

"Mimi nikitaka kuimwaga hiyo pombe, nitaimwaga mchana, ukiniona, na nitaimba wimbo." Akatupa haragwe bovu kando. "Umeiweka wapi?"

"Stoo."

"Stoo kuna baridi kama kaburi. Mwenye boma hili, Mungu amrehemu, alikuwa akiweka yake nyuma ya moto na kuifunika blanketi kama mgonjwa. Na hakuwa akiifunua kila saa kuichungulia." Ndipo akanitazama. "Mimi sijasema kitu."

Nilirudi jikoni nimeaibika, na bado nashuku kidogo, maana nilijiuliza alijuaje kwamba nilikuwa nikiifunua. Lakini nilimsikiliza. Mchanganyo wa pili, ule wa mtungi mkubwa, niliuweka jikoni kwa Cucu mwenyewe, nyuma ya mafiga, kwa ruhusa ambayo hakuitoa kwa maneno: aliondoa kuni zake pale mahali na kuacha nafasi wazi. Nikaufunika kwa blanketi. Kesho yake nilipoinamisha sikio nilisikia ndani sauti ndogo, nyingi, kama mvua inayoanza juu ya majani ya mgomba. Povu lilipanda nene, la rangi ya mchanga, na harufu ikawa ya asali na mkate na kitu kingine kikali ambacho sikuwa na jina lake. Nilionja. Ilikuwa tamu mwanzo, halafu ikawa chungu kidogo, halafu ikapasha koo. Nilionja tena kuhakikisha. Nilikaa pale juu ya kigoda nikisubiri macho yangu yafanye giza, hayakufanya. Nilifurahi kuliko nilivyotaka.

Siku ya safari jirani alitupeleka kwa pikapu yake. Nilikaa nyuma na mtungi katikati ya miguu yangu, kifuniko nimekilegeza kwa sababu bado ilikuwa inapumua, na sikumruhusu mtu mwingine kuushika. Mume wangu aliniuliza kama ninaogopa utamwagika. Nilimwambia naogopa utafika.

Uani kwetu viti vilikuwa vimepangwa. Baba zangu wadogo watatu walikuwa wameketi na kofia zao, na kaka yangu amevaa koti, anakwenda huku na huku kama mwenye harusi. Alinisalimia vizuri mno. Aliushika mtungi akataka kuuingiza ndani. Nikasema utakaa hapa nilipo. Nikatazama kote, Baba sikumwona.

"Baba yuko wapi?"

"Anakuja, anakuja."

Alitokea upande wa majani chai, amevaa buti, kikapu mgongoni. Alisimama kwenye kona ya nyumba akaviona viti, akawaona ndugu zake, akaniona mimi na mume wangu, na uso wake ukabadilika.

"Kuna nini?" alisema. "Nani amekufa?"

Nilihisi mkono wa mume wangu ukigusa mgongo wangu. Ndipo naye alipoelewa.

"Hakuna msiba, Baba," kaka yangu akasema kwa sauti ya juu, karibu na sikio lake. "Ni ile ncobi."

"Ncobi gani?"

"Ya mahari. Wazee walikuwa wanaidai."

Baba mdogo mkubwa alikohoa. "Sisi tuliambiwa ni wewe unaidai," alisema.

Baba alishusha kikapu chake polepole. Hakumtazama kaka yangu. Alinitazama mimi, kisha mtungi. "Imepikwa na nani?"

"Na mimi, Baba."

"Wewe?"

"Sikumwamini mwingine."

Nilidhani atasema imwagwe. Mzee wa kanisa, pombe uani kwake, watu wa barabarani wanachungulia kupitia ua. Alivuta kiti akaketi. "Basi wapeni wageni," alisema.

Nilikoroga, nikamimina kwenye kibuyu kidogo, nikampelekea baba mdogo mkubwa kwa mikono miwili. Alikipokea, akakinusa, akanirudishia. "Siku hizi vitu vinaua watu, mwanangu. Tangulia." Nikanywa mbele yao mpaka nusu, nao wakanitazama koo kama watu wanaotazama daraja ambalo hawana hakika nalo. Kisha akanywa yeye. Akafuta ndevu. "Hii ni ya asali kweli," alisema, na wale wengine wawili wakanyoosha mikono.

Kibuyu kilizunguka. Kaka yangu alipewa kikombe chake, akakiweka chini ya kiti bila kuonja, akasimama, akarekebisha koti.

"Wazee," alianza, "tunashukuru. Leo mmekunywa. Kwa mila yetu, dada yangu sasa ametoka katika boma hili, na nyinyi ndio mashahidi kwamba hana tena..."

"Nani amesema ametoka?"

Baba aliuliza bila kuinua sauti. Nadhani lilikuwa jambo la kwanza alilolisikia vizuri siku nzima.

"Baba, ni mila."

"Mila naijua. Pombe ya mahari huitishwa na baba wa msichana. Mimi nimeitisha?" Akawageukia ndugu zake mmoja mmoja. "Nimeitisha?"

"Hapana," baba mdogo mkubwa alisema, na kibuyu kiko mkononi.

"Basi hii si ya mahari. Mahari yangu ilikwisha tulipokunywa soda. Hii ni pombe ambayo msichana wangu amepika akawaletea baba zake, na nyinyi mmekunywa ya mtoto wa boma hili." Akaegemeza mikono magotini akasimama. "Na kwa kuwa mko hapa, na mmevaa kofia, mkimaliza tutateremka pale kijitoni niwaonyeshe pa mama yake panaanzia wapi na panaishia wapi. Nilikuwa nikijiuliza nitawapata lini nyote pamoja."

Kaka yangu alibaki amesimama. Alisema maneno mawili matatu, kwamba mambo hayafanywi hivyo, kwamba Baba amechoka, kwamba masikio yake. Baba mdogo wa mwisho, ambaye alikuwa ameomba aongezwe, alimwambia aketi. Hakuketi. Alitoka kwa lango la nyuma, na baadaye tukasikia pikipiki yake inawaka.

Tuliteremka wote. Wazee walikwenda pole, wanashikana mabega kwenye matuta, wanacheka kidogo. Mume wangu alimshika Baba mkono. Nilikuwa nyuma yao. Pale kando ya nduma, ndani ya nyasi, vilikuwa vimelala vigingi vya mti. Vilikuwa vimechongwa ncha, vizuri, vyote urefu mmoja, na vidonda vya panga bado vilikuwa vyeupe.

Baba aliinama akaokota cha kwanza akampa mume wangu. "Piga hapa," alisema.

Vilipigwa vyote. Baba mdogo mkubwa alikanyaga kila kimoja kwa mguu kuona kama kimesimama. Tulipokuwa tunapanda kurudi nilimkaribia Baba, nikamwinamia sikioni.

"Baba, vile vigingi ulivichonga lini?"

"Nini?"

"Vigingi. Ulijua tunakuja?"

"Ni vya maharagwe," alisema. "Nilitaka kupanda yale yanayopanda juu."

Baba hajawahi kupanda maharagwe yale maisha yake yote. Nilimtazama usoni, akatazama njia.

Mpima ardhi alikuja baadaye, na mambo ya karatasi yanakwenda kwa mwendo wa karatasi. Nimepanda nduma mpya na miti michache ya avokado. Kaka yangu hunisalimia kanisani ninapokwenda kwetu, kwa mkono, bila kunitazama. Akinikaribisha chai nasema nimeshakunywa; nami nikimkaribisha anasema ana haraka. Mke wake huniambia kwamba hasira zitapita. Labda. Simu ya Baba sasa anakaa nayo mwenyewe, ingawa akipokea husikia nusu na kujibu anachotaka.

Pombe nimepika tena mara chache, kukiwa na shughuli, kwa ruhusa, nyuma ya mafiga ya Cucu. Imekuwa nzuri zaidi. Watu wananisifu, na hakuna hata mmoja anayeinywa kabla yangu. Krismasi iliyopita Baba alimtuma mtoto wa jirani kuniuliza kama nina kidogo kilichobaki, kwenye chupa ndogo, kwa ajili ya kifua. Nilimpelekea. Nilimuuliza kifua kinamsumbua tangu lini. Alisema hanisikii.